YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA NUKTA NUNDU MLIYOTUUZIA NA KUIACHA BILA KUIUNGANISHA IPASAVYO

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja
12 Juni

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa kitengo cha wanafunzi wasioona katika shule ya sekondari iliyonunua kwenu, mwezi Februari, mashine moja ya kuchapa maandishi ya nukta nundu (Braille), yale yanayosomwa kwa vidole. Mimi mwenyewe sioni. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo jambo ambalo fundi wenu hakulijali hata kidogo.

Ankara yenu ina vipengele vitatu: mashine iliyokarabatiwa, programu ya kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu, na "kuunganisha kwenye kompyuta pamoja na mafunzo ya siku mbili". Vyote tulivilipia kabla mashine haijatoka ghalani kwenu. Mashine ilifika. Programu hatujaipata mpaka leo. Mafunzo ya siku mbili yalikwisha kwa muda usiofika saa mbili, maana fundi alikuwa anawahi basi la kurudi Dar es Salaam.

Siku hiyo fundi aliiweka mashine mezani ofisini, akachomeka kebo nyuma yake, na upande wa pili akaichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta kupitia kiunganishi kidogo. Akafungua mtihani wa zamani wa Hisabati, akaamuru kuchapa. Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka. Akaitazama, kisha akamwambia mtunza stoo, "Imetoka, iko vizuri," na kumpa fomu ya makabidhiano atie sahihi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, hatua moja kutoka alipo. Nikaomba ile karatasi.

Nukta zenyewe zilikuwa safi, zimeinuka vizuri, na herufi zilisomeka. Lakini palipoandikwa "gawanya 36 kwa 4", vidole vyangu vilikuta nuktambili, alama ya mshangao, neno "kwa", kisha nukta ya kumalizia sentensi. Hapakuwa na namba hata moja. Nilimweleza fundi sababu yake, nanyi nawaeleza: mashine haitafsiri chochote. Inatoboa kile inacholetewa, kila kitufe cha kompyuta kwa umbo lake moja. Tarakimu 3 ikipelekwa ilivyo, inatoka nukta ya 2 na ya 5 kati ya nukta sita za kila umbo, na kwa msomaji hiyo ni nuktambili. Namba katika nukta nundu huanza na kiashiria cha namba, kisha herufi: 3 ni kiashiria na c. Kazi hiyo hufanywa na programu kabla maandishi hayajafika kwenye mashine, na ndiyo programu tuliyoilipia. Fundi akajibu, "Hiyo tutawatumia kwa imeili, mwalimu." Fomu ilikwisha kutiwa sahihi.

Tatizo la namba nimelizunguka mwenyewe kwa kutumia programu ya bure inayotegemea majedwali ya liblouis, mkusanyiko huria wa kanuni za kugeuza maandishi kuwa nukta nundu. Hapo ndipo lilipojitokeza la pili, ambalo ni zito zaidi. Kazi ya kurasa mbili tatu hutoka salama. Ikiwa ndefu, maneno huanza kupotea. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne alikuwa wa kwanza kuligundua, akisoma muhtasari wa Historia. Alirudisha kidole mara mbili pale pale, akaniambia, "Mwalimu, hapa mstari umemeza maneno." Nikasoma na kukuta sentensi imeanza na ukoloni na kuishia kwenye bei ya mkonge.

Kompyuta hutuma herufi haraka kuliko mashine inavyoweza kutoboa. Mashine ina hifadhi ndogo ya kupokelea. Ikijaa, lazima iiambie kompyuta isubiri. Nilikagua mipangilio nikiongozwa na programu ya kusoma skrini: kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8 kwa herufi, bila pariti (biti ya kukagua makosa), udhibiti wa mtiririko kwa njia ya waya, yaani huko kuambiana "subiri", umewashwa, na mashine imewekwa vivyo hivyo. Kila kitu kinalingana. Nikaipeleka kebo yenu kwa fundi redio wa hapa mjini aipime kwa mita. Kwenye kichwa cha pini 9, waya zinazopitisha ni za pini ya 2, ya 3 na ya 5 tu. Pini ya 7 na ya 8, ambazo ndizo za kuambiana "subiri" na "endelea", zimefungwa pamoja pale pale kichwani, bila waya wa kufika upande wa pili, hivyo kompyuta hujiambia yenyewe "endelea" wakati wote. Mashine inaomba isubiriwe na hakuna njia ya ombi hilo kufika. Mtu yeyote anayeuza mashine hizi angepaswa kulijua hili kabla ya kufunga mzigo.

Nimewapigia simu mara nne. Mara mbili niliambiwa nizime niwashe. Mara ya tatu mhudumu wenu aliniuliza kama hakuna mtu anayeona hapo karibu ili azungumze naye. Niliyekuwa nikimsomea mipangilio ya lango la COM5, ambalo kompyuta hutumia kuwasiliana na mashine, nilikuwa mimi, na ningempisha nani azungumze badala yangu?

Mwezi Mei tulikuwa na mitihani ya muhula. Nina watahiniwa 11. Mtihani wa Historia peke yake ulikuwa karatasi 9 za nukta nundu, yaani karatasi 99 kwa darasa zima, nazo nilizigonga kwa mashine ya Perkins, ile ya kuandika nukta nundu kwa mkono, moja baada ya nyingine, usiku nne mfululizo, huku mashine yenu imefunikwa kitambaa pembeni. Jiografia na Baiolojia sikuwahi. Wanafunzi wakasomewa. Mtoto anayesomewa hawezi kurudi kwenye swali la pili akiwa amefika la tano bila kunyoosha mkono na kumsumbua msimamizi, na wengi huona haya, wanaacha. Alama zao nimezisahihisha mimi, na ninajua zipi zilipotea hivyo.

Kwa hiyo tunataka kebo yenye waya zote, pamoja na programu iliyo kwenye ankara, yenye leseni na uwezo wa kuchapa Kiswahili. Tunataka pia mafunzo yaliyobaki, yatolewe na mtu anayeijua kazi hii. Fidia ya karatasi naiacha mikononi mwenu, ingawa karatasi nzito iliyokwisha kutobolewa haitumiki tena na tumeharibu nyingi. Safari hii fomu ya makabidhiano haitatiwa sahihi na mtu asiyesoma nukta nundu. Mtachapa kurasa 20 mfululizo, nitazisoma zote kwa vidole, na nikimaliza ndipo sahihi itawekwa.

Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila utekelezaji, mtachukua mashine yenu kwa gharama zenu na kurudisha fedha zote, na shule itapeleka shauri hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Majibu yenu naomba yaje yakiwa maandishi. Barua yenu ya mwezi Aprili ilikuja ikiwa picha iliyoskaniwa, na kompyuta yangu iliposoma ilitamka neno moja tu, "picha". Ilibidi nimwite mtunza stoo anisomee kwamba mnathamini kila mteja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kitengo cha Wanafunzi Wasioona

Nakala: Mkuu wa Shule