Pimeni mchezo kwa namna unavyompokea aliyerudi

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za teknolojia huandika vizuri kuhusu michezo ya mtandaoni inapozinduliwa: ubora wa picha, nafasi inayokula kwenye simu, wingi wa wachezaji. Baada ya hapo kimya, kana kwamba mchezaji akishaingia habanduki tena. Wengi wetu tunabanduka. Mtoto anazaliwa, mitihani inakaribia, au hamu yenyewe inakwisha tu. Miaka inapita, kisha jioni moja mtu anajaribu nywila yake ya zamani. (Mara nyingi inakataa. Saa ya kwanza ya kurudi huishia kwenye kufufua anwani ya barua pepe uliyoisahau.)

Mimi ni mhasibu, na nimerudi kwenye RuneScape, lile toleo la zamani liitwalo Old School. Niliondoka mtoto wetu alipozaliwa. Sasa ni mkubwa wa kutosha kuniuliza kwa nini yule mtu wangu wa kwenye skrini hana vidole.

Kwa wasioujua, mchezo huo ulianza mwaka 2001, na kampuni yake, Jagex, ni ya Uingereza. Ulibadilishwa sana hadi wachezaji wa siku nyingi wakaona si wao tena. Mwaka 2013, baada ya wachezaji kupiga kura, kampuni ilirudisha mchezo kama ulivyokuwa Agosti 2007 na kuuendesha kando ya ule mpya. Tangu hapo mambo mengi yanayoongezwa hupitia kura kwanza: zamani yalihitaji asilimia 75, siku hizi 70. Ndiyo maana nimekuta nchi nzima nisiyoijua, Varlamore, iliyofunguliwa 2024, na bado njia zangu za zamani zipo na zinapitika.

Niliingia kwa simu, jambo ambalo halikuwezekana kabla ya 2018, kwa akaunti ile ile niliyoizoea kwenye kompyuta. Mtu wangu alikuwa amesimama ndani ya benki ya Varrock, mji mmoja wa humo mchezoni, pale pale nilipomwacha. Begi lake lenye nafasi 28 lilikuwa na kamba, nyundo, ndoo tupu na takataka nyingine ambazo hazikuniambia kitu. Nilikuwa naenda wapi na kamba? Nikafungua orodha ya misheni. Zilizokamilika zimeandikwa kijani, ambazo hazijaguswa nyekundu, zilizoishia njiani njano. Nikagusa ya njano. Kila hatua niliyokwisha kuifanya ilikuwa imepigwa mstari katikati, na chini yake palikuwa na maelezo mafupi yasiyo na mstari: nenda kaongee na fulani. Nimekagua vitabu vya watu wazima wenye ofisi na mihuri ambavyo havikuniambia waziwazi hivyo kazi iliishia wapi.

Uvuvi wangu, mojawapo ya stadi za mchezo huo, ulikuwa levo ya 92, na ndivyo nilivyoukuta. Wenzangu wanaujua utani wake: kikomo ni 99, lakini anayefika 92 ndiyo kwanza yuko nusu ya safari, maana 99 inadai alama 13,034,431, na 92 hupatikana kwa zaidi kidogo ya milioni 6.5. Jasho la namna hiyo mtu hasahau. Hakuna aliyelipunguza nilipokuwa nabadilisha nepi.

Orodha ya marafiki ilikuwa nyekundu karibu yote, yaani hawapo. Jina moja likawa kijani. "Tulijua umekufa," akaniandikia. Nikamjibu kwamba nililea. Akanipa pole na hongera kwa pamoja, kisha akanionya kuwa kanuni za kufa zimebadilika: ukifa mahali pa kawaida, kaburi hukuwekea vitu vyako kwa dakika 15, basi usitangetange. Simjui sura wala jina la nyumbani kwao. Tukaenda kuvua.

Wiki hiyo hiyo nilijaribu kurudi kwenye mchezo mwingine, ambao sitautaja. Kabla sijamwona mtu wangu nilifunga madirisha mpaka kidole kikachoka. Kulikuwa na kalenda ya zawadi za kila siku, na siku zote nilizokosa zimetiwa kijivu ili nizione vizuri. Kulikuwa na zawadi ya "karibu tena" yenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Upanga nilioutafuta kwa miezi ulikuwa dhaifu kuliko ule anaopewa mgeni bure siku ya kwanza. Katika kazi yangu, karatasi inayomwonyesha mtu kiasi anachodaiwa huitwa ankara, na ile ilikuwa ankara iliyopambwa kwa maputo. Nikaufuta.

Sidai kwamba michezo igandishwe. World of Warcraft ilizipindua nchi zake za awali mwaka 2010, kisha mwaka 2019 ikafungua Classic, toleo la zamani, kwa waliozililia; kampuni yenye uwezo wa kuendesha dunia mbili na iendeshe, lakini si kila kampuni inauweza mzigo huo. Wala sina ugomvi na masharti makali yanayojulikana mapema. Katika Final Fantasy XIV, mwenye nyumba asipoingia ndani yake kwa siku 45 inaweza kubomolewa. Inauma, ila viwanja ni vichache, wapo wanaovisubiri, na sharti limetangazwa. Kinachonikera ni mchezo unaohesabu kutokuwepo kwangu kama kosa, halafu unaniuzia njia ya kulifuta.

Ombi langu kwenu ni hili. Mwandishi wenu akishamaliza kuusifu mchezo mpya, auache miezi sita bila kuugusa, kisha arudi na kuandika tena. Atuambie kama alikumbushwa alipokuwa ameishia, kama alichokichuma bado kina kazi, na ni matangazo mangapi yalimzuia mlangoni. Mzazi anayecheza baada ya watoto kulala atafaidika na makala hiyo kuliko na habari za ubora wa picha.

Na mkikosa mwandishi wa kuiacha michezo kwa muda mrefu hivyo, niulizeni mimi. Kazi hiyo nina uzoefu nayo.

Wenu,
Mvuvi wa levo ya 92