Kabla hujaleta majani maabara

Swali tunaloulizwa kila wiki ni lile lile: "Nipimieni mmea huu, nijue kama ni dawa." Anayeuliza kashika mfuko wa unga wa kijani aliouponda na kuuchekecha mwenyewe, na anachotaka ni cheti. Inabidi tukae naye kwanza tuzungumze, maana hatuna kipimo hata kimoja kinachojibu swali hilo lilivyo. Mwarobaini umejipa maradhi arobaini kwenye jina lake. Sisi tunapima jambo moja moja. Je, viambata vya mmea huu vinatuliza radikali huru, zile molekuli zinazoharibu seli? Hicho ni kipimo cha antioksidanti. Je, vinazuia bakteria fulani wasikue? Hicho ni kipimo kingine kabisa, na mmea unaweza kufaulu kimoja ukafeli cha pili.

Sisi nasi tuna swali, na wengi hawalitegemei: watu wako wanautumiaje mmea huu? Wanachemsha, wanaloweka kwenye maji baridi, au wanasaga na kupaka? Kinachotolewa mmeani, yaani dondoo, hutegemea kabisa umekitoa kwa kutumia kimiminika gani. Maji hutoa vitu vyake, ethanoli hutoa vyake, na heksani huondoka na mafuta na nta. Majani ni yale yale, majibu matatu.

Mfano wake maarufu ni wa Tu Youyou wa China. Kikosi chake kilikuwa kikitafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa Artemisia annua, na matokeo yakawa yanayumba, leo yapo kesho hayapo. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu wa kale, Ge Hong, aliyeagiza mmea ulowekwe kwenye maji kisha ukamuliwe. Hakutaja kuchemsha. Tu akahisi kwamba joto ndilo linaloharibu kitu wanachokitafuta, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi tu. Mwaka 1971 dondoo hilo likafanya kazi, artemisinini ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mteja akituambia "ninyi pimeni tu, njia yoyote," tunamsihi afikiri tena.

Kipimo cha antioksidanti tunachokifanya sana hutumia kemikali iitwayo DPPH. Ikiyeyushwa kwenye methanoli inakuwa zambarau iliyokoza kama wino. Ukidondoshea dondoo lenye nguvu, ile zambarau inaanza kukimbia mbele ya macho yako: inapauka, inaingia kwenye rangi ya chai, mwishowe inabaki manjano. Tunaiacha gizani dakika 30, kisha spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga, inasoma rangi iliyobaki kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 517. Majani yana kijani chake kinachoweza kuudanganya usomaji, kwa hiyo kila dondoo linasomwa pia peke yake, bila DPPH, na kijani hicho kinatolewa kwenye hesabu. Pembeni tunapima vitamini C kwa masharti yale yale ili kuwe na cha kulinganisha.

Jibu linatoka kama namba: kiasi cha dondoo kinachotosha kuifuta nusu ya ile DPPH. Namba ndogo ndiyo nzuri. Tunalirudia hili kwa sababu kuna mteja aliyepata 18 akanuna, huku mwenzake mwenye 400 akiondoka anachekelea.

Lakini tumbo la mtu si mrija wa kioo. Viambata vingi vinavyong'ara kwenye DPPH havifyonzwi vizuri mwilini, na vingine hubadilishwa na ini kabla havijafika popote. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa kwenye tovuti yake orodha ya vyakula na alama zao za ORAC, kipimo kingine cha antioksidanti, kwa sababu watengenezaji walikuwa wakizitumia vibaya alama hizo kutangazia bidhaa. Sisi tunaona walifanya vyema. Kipimo hiki kinafaa sana kulinganisha: majani na mizizi, mavuno ya msimu huu na ya uliopita, ukaushaji wa juani na wa kivulini. Kutangaza kwamba bidhaa inazuia saratani si kazi yake.

Upande wa bakteria, picha inayopendwa ni ya sahani ya agari, ute mgumu wa kukuzia vijidudu, iliyopandwa bakteria, juu yake vikaratasi vya mviringo vya milimita 6 vilivyoloweshwa dondoo. Sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, na asubuhi unakuta duara safi limezunguka kikaratasi ambapo bakteria hawakuota. Picha nzuri, ila ina hila. Viambata vya mafuta havisafiri vizuri ndani ya agari, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo duara dogo si lazima liwe na maana ya mmea dhaifu.

Hila nyingine tuliiona kwa macho. Tuliletewa chupa ya mizizi iliyolowekwa kwenye spiriti, tukapata duara la kupendeza sana. Tukaikausha spiriti yote, tukaliyeyusha upya lile dondoo, tukarudia. Duara halikuwepo. Kazi yote ilikuwa ya spiriti. Ndiyo maana kila sahani yetu ina kikaratasi chenye kiyeyushi kitupu, yaani kimiminika cha kutolea dondoo bila mmea wowote, na kingine chenye antibiotiki inayojulikana.

Kwa majibu ya kutegemewa tunapenda zaidi sahani ya vishimo 96. Dondoo linapunguzwa nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, bakteria wanaongezwa, na siku ya pili tunatia resazurini, rangi ya bluu inayogeuka waridi penye bakteria hai. Kishimo cha mwisho kilichobaki bluu ndicho kinachosema kiwango cha chini kabisa kinachozuia. Kwa dondoo lisilosafishwa, chini ya mikrogramu 100 kwa mililita tunaitana kuja kutazama. Likihitaji miligramu kadhaa, hatuchangamki. Usishangae mmea ukimweza Staphylococcus aureus ukashindwa na Escherichia coli. Huyu wa pili ana utando wa ziada nje ya ukuta wa seli, na vitu vingi huishia hapo hapo. Wala usisahau kwamba kinachoua bakteria kinaweza kuua na seli za mtu. Hilo lina kipimo chake, tunakifanya ukikiomba.

Sampuli yenyewe: kausha kivulini, funga kwenye karatasi. Mfuko wa plastiki huleta ukungu, na ukungu tunautupa. Usiusage mmea. Majani mazima yanatambulika, unga hautambuliki, na jina moja la mtaani linaweza kubeba mimea mitatu tofauti. Leta na tawi lenye ua au tunda, limebanwa katikati ya magazeti, mtaalamu wa mimea alithibitishe.

Kwenye cheti hutakuta neno "hutibu". Utakuta jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, kiyeyushi, bakteria waliojaribiwa, na namba tatu, kwa kuwa kila kipimo tunakifanya mara tatu. Namba hizo zikipishana mno tunarudia kwa gharama yetu, kwa hiyo leta majani ya kutosha. Gramu 100 yakiwa makavu zinatutosha.