Aliyekamatwa hakuwa mshairi

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Allen Ginsberg, yule mshairi wa Marekani. Mmesifu ndevu zake, kinanda chake cha Kihindi na msimamo wake dhidi ya vita vya Vietnam, mkamalizia kwamba shairi lake “Howl” lilishinda mahakamani. Sifa hizo sina neno nazo, isipokuwa hilo la mwisho. Shairi halipandi kizimbani. Hupanda mtu, na mtu huyo hakuwa Ginsberg.

Mimi ni mchapaji hapa Nasser Road, Kampala. Nachapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, na ikikaribia siku ya Mashahidi wa Namugongo, mabango na fulana. (Siku hiyo ni 3 Juni, ndiyo aliyozaliwa Ginsberg mwaka 1926.) Habari za kesi ile nazisoma kwa jicho la kazi.

Kitabu chenye shairi hilo kilichapwa Uingereza kwa niaba ya duka la vitabu la City Lights la San Francisco, mali ya Lawrence Ferlinghetti. Machi 1957 maofisa wa forodha wa Marekani walizuia nakala 520, wakidai ni kitabu cha matusi. Zilipoachiwa, polisi wa mji wakashika zamu. Waliingia dukani kama wateja, wakanunua kijitabu cha senti 75, kisha ikatoka amri ya kumkamata aliyewauzia. Jina lake Shigeyoshi Murao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, angali kijana, serikali ya Marekani ilimfungia kambini yeye na familia yake kwa kuwa tu asili yao ni Japani. Sasa anatiwa mbaroni, tarehe 3 Juni, siku ya kuzaliwa ya mshairi, na mshairi mwenyewe yuko ng’ambo. Ferlinghetti naye akashtakiwa.

Jaji Clayton Horn aliamua Oktoba mwaka huo kwamba kitabu kisomwe chote kabla ya kuhukumiwa, na kwamba hakikuwa cha matusi mbele ya sheria. Murao alinusurika kwa njia nyingine: waendesha mashtaka walishindwa kuthibitisha kwamba alikisoma alichokiuza. Hapo nilicheka peke yangu. Mtaani kwetu nusu ya kinachopita mashineni hakuna anayekisoma, lakini msimu wa uchaguzi wanapokuja wale waliovaa kiraia kuuliza bango hili limetoka kwa nani, utetezi huo hausaidii kitu. Na aliyetunga maneno ya bango hawamtafuti.

Msidhani hayo ni ya Marekani tu. Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, alianzisha jarida la fasihi na siasa la Transition mjini humu mwaka 1961. Oktoba 1968 alikamatwa pamoja na mbunge Abu Mayanja, kwa sababu Mayanja aliandika barua ya kuikosoa serikali ya Rais Obote na Neogy akaichapa. Barua kwa mhariri, bwana! Mahakama haikuwaona na hatia ya uchochezi, lakini waliendelea kushikiliwa. Neogy alipotoka mwaka 1969 alihama nchi, na Transition likaja kufufukia Ghana.

Siku hizi mambo yamegeuka kidogo. Dkt. Stella Nyanzi, msomi na mwanaharakati wa hapa Uganda, alipohukumiwa mwaka 2019 kwa shairi aliloliweka Facebook, hapakuwa na mchapaji wala muuza duka wa kukamatwa naye. Alikaa gereza la Luzira peke yake hadi Mahakama Kuu ilipofuta hukumu hiyo Februari 2020. Sijui kama hilo ni heri kwa washairi. Kwetu sisi wachapaji ni nafuu, nakiri, ila nafuu isiyonifurahisha.

Ombi langu ni dogo. Mkiandika tena habari za Ginsberg, wekeni na jina la Murao, hata kama ni mstari mmoja.

Na kwa vijana wanaoniletea miswada ya mashairi ya Kiswahili, wanaongezeka tangu somo hilo liingizwe kwa nguvu mashuleni: mimi husoma kwanza, kurasa zote, ndipo tunaongea bei. Chini ya nakala 100 gharama ya pleti, yaani bati la kuchapia, hairudi. Jina la kiwanda linakaa ukurasa wa pili, na halitolewi hata mwandishi akiomba.

Hajji Mchapaji,
Nasser Road, Kampala