Wanangu mnaosomea udaktari wa mifugo, mwangalieni mnyama kabla hamjamshika

Wanangu mlioko Makerere na kwingine hapa Uganda, salamu kutoka Bweyale. Mimi mzee wenu nimetibu ng'ombe miaka mingi, kuanzia Karamoja mpaka huku Kiryandongo, sasa nimestaafu ila vijana wa fildi bado wananipitia nyumbani, na wiki iliyopita mmoja akaniambia neno limeninyima usingizi. Eti somo la tabia za wanyama na ustawi wao ni kozi nyepesi, unasoma usiku mmoja unapita, kozi zenyewe ni upasuaji na dawa. Mwanangu siku ile sikukujibu vizuri, nakujibu leo na wenzako wasikie.

Nikiwa kijana kama nyinyi niliitwa kwa bibi mmoja mjane, ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Anasema jana jioni hakumaliza majani yake. Mimi nikafika na pikipiki na haraka zangu, ng'ombe akashtuka akakata kamba, tukamkimbiza na vijana sita saa nane mchana jua kali, makelele, fimbo zinaruka, mpaka akaanguka kwenye mtaro ndio tukamfunga. Napima joto, 40.6. Nashika tezi chini ya sikio naona kama zimevimba, maana nilishataka ziwe zimevimba, nikasema hii ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaoleta homa na kuvimbisha tezi, nikachoma sindano. Bibi akauza mbuzi anilipe. Nikiwa nafunga begi akaniambia polepole, daktari, lakini asubuhi nilimkuta amelala anacheua.

Sikumsikiliza. Ng'ombe mzima joto lake ni 38 na nusu hivi mpaka 39 na kidogo, ukimkimbiza juani linapanda lenyewe bila ugonjwa wowote. Yaani nilipima mbio, sikupima homa. Kesho yake alikuwa anakula vizuri tu lakini mguu ulioumia mtaroni alichechemea nao wiki tatu, na mbuzi ndio ashaenda. Bibi hakunilaumu hata kidogo na hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Yule bibi hakuwa na cheti ila alikuwa ameshampima ng'ombe wake kwa macho. Ng'ombe, mbuzi, kondoo wote ni wanyama wa kuwindwa, porini anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo wanaficha maumivu, na ukisubiri alie umeshachelewa. Dalili ni ndogondogo. Sikio limelegea, mgongo umepinda, anasaga meno, amejitenga na wenzake, au kundi lote limelala linacheua na yeye amesimama peke yake anaangalia chini. Ng'ombe anacheua karibu masaa nane kwa siku, asipocheua anakuambia kitu. Hata mbwa kabla hajang'ata anakuonya, anageuza kichwa, analamba midomo, weupe wa jicho unatokea, ni nyinyi tu mnakuwa mnaangalia sindano.

Na msiniambie haya ni mambo ya wazungu. Kweli kamati ya Profesa Brambell ilikaa Uingereza, na ripoti yake ya 1965 ikasema mfugo lazima apate nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha miguu, ndio baadaye mwaka 1979 zikatoka zile uhuru tano mnazokariri, yaani mnyama asiwe na njaa na kiu, asikae kwa taabu, asiachwe na maumivu wala ugonjwa, asiishi kwa hofu, na aweze kufanya mambo yake ya asili. Lakini Karamoja nimekaa na wachungaji wanaomjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa jina, mtu anamwimbia dume lake. Na sheria yetu wenyewe ya kuzuia ukatili kwa wanyama ni ya 1957. Sasa simama barabarani asubuhi uone nguruwe amefungwa miguu nyuma ya boda kichwa kinaning'inia, kuku wameinamishwa kwenye usukani, halafu hesabu hizo uhuru tano anayo ipi. Nani atamwambia mwenye boda kama sio nyinyi?

Ng'ombe akikataa kuingia krashi, kile kichochoro cha kumbana wakati wa kumtibu, msichukue fimbo. Temple Grandin, profesa wa Marekani, aliingia mwenyewe kwenye njia ya ng'ombe akainama aone wanachoona wao, akakuta ni mnyororo unaning'inia, kivuli, koti limewekwa juu ya uzio. Toeni hilo koti. Simama nyuma kidogo ya bega lake ataenda mbele, ukienda mbele ya bega atarudi, na nyuma kabisa ya mkia usisimame maana hakuoni na atapiga teke. Na kuhasi bila dawa ya ganzi tafadhalini acheni, najua mkulima atalalamikia bei, mweleweshe.

Mtakaokuja fildi huku, njooni alfajiri kabla mifugo haijafunguliwa. Nina benchi pale karibu na boma, tutakaa nusu saa bila simu na begi halijafunguliwa, halafu kila mtu ataniambia ameona nini.