Riwaya ya volkano imefunikwa na maneno yake

Bwana Mhariri,

Nimemaliza kusoma riwaya mpya inayopita mkono kwa mkono hapa Goma, ile ya familia iliyojenga nyumba juu ya nyumba yake ya zamani. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ndicho kitabu cha kwanza cha mwandishi na natamani aandike cha pili.

Wazo lake lilinishika tangu mwanzo. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Watu walirudi mawe yakiwa bado na joto, wakajenga palepale, kwa mawe yaleyale. Baba wa riwaya hii anachimba sakafu usiku, akitafuta karatasi za parseli, yaani za kiwanja chake, zilizobaki chini. Mkewe anajua ziliungua, ila hamwambii. Binti yao, aliyezaliwa juu ya paa la babu yake, analala akisikia nyundo. Mwaka ule nilikuwa na miaka 11. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na mama, godoro kichwani. Kitabu kama hiki nimekingoja miaka yote hiyo.

Ndiyo maana kimeniuma. Lava inaposhuka, katika aya moja tu inafananishwa na joka, simba mwenye njaa, mto wa kuzimu na hasira ya Mwenyezi, hata nikaacha kuiona. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka vitu vidogo: wekundu wa mbingu, harufu, mama akirudi mbio kufunga mlango kwa ufunguo. Nyumba haipo tena. Ufunguo anao hadi leo.

Mazungumzo ndiyo yamenichosha zaidi. Muuza samaki wa soko la Kituku anamkemea mwanawe kwa lugha ya msomaji wa taarifa ya habari. Mama wa hapa akishikwa na hofu husema, «Beba batoto, twende!» Msimulizi na atumie Kiswahili sanifu, sina ugomvi nacho, mimi mwenyewe nakifundisha. Lakini watu wa mtaa wa Birere waachiwe midomo yao.

Halafu ule ukimya wa mke. Anampakulia mumewe chakula, anaona vumbi la mawe kwenye kucha zake, anageuka. Ilitosha! Mwandishi akaongeza kurasa mbili za kutueleza kwa nini amenyamaza. Mswada huu ulihitaji mhariri mwenye kalamu kali, na mchapishaji hakumpa mwandishi wake haki hiyo. Nanyi pia, ukurasa wenu wa utamaduni hutangaza vitabu vinapozinduliwa, kisha basi. Tupeni uhakiki.

Sura ya tisa peke yake imenyooka. Binti anaamka usiku, anamwondolea baba nyundo mkononi, anaanza kuchimba yeye. Hakuna joka wala simba. Nilimsomea mama sura hiyo jioni, akaniomba nirudie.

Mwalimu, Majengo, Goma