BMW GS na Africa Twin: tuzipime kwenye njia ya Engaruka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Dar es Salaam aliyeandika wiki iliyopita kwamba kati ya pikipiki za BMW R 1250 GS na Honda Africa Twin ya cc 1100 (toleo la 2020) hakuna haja ya kubishana, BMW ndiyo bora, kwa kuwa ya kwanza ina nguvu za farasi 136 na ya pili 102. Tarakimu zake ni sahihi. Angetaja na msukumo wa injini (torque), newtonmita 143 kwa 105, angezidi kutamba. Shida yangu ni kwamba barua ile yote ilikuwa ya lami, tena lami ya Ulaya, halafu mwishoni akawashauri Watanzania wafungue pochi.

Mimi naongoza misafara ya pikipiki kutoka Arusha. Wageni wengine huja na zao, wengine hukodi hapa. Mimi hutangulia, fundi anafuata nyuma na Land Cruiser yenye spea, maji na kamba. Pikipiki hizi mbili nazipanda zote, na zote nimeshiriki kuziinua zilipolala chini, kwa hiyo sina timu ya kushangilia.

Tuanze na hao farasi. Ukitoka Arusha kwenda Babati, vibao vya 50 vinafuatana kijiji kwa kijiji, na mahali usipopategemea yupo trafiki na tochi yake. Farasi wote 136 wanajipanga nyuma ya Fuso la vitunguu na kutembea kwa 50. Vibao vikiisha, mbuzi, baiskeli na bodaboda isiyo na taa ndio wanaokupangia mwendo. Africa Twin inafika mwendo huo na kubakiza akiba kubwa. Sijawahi kuona mgeni aliyechelewa Dodoma kwa sababu ya kupungukiwa farasi.

GS inashinda kwenye lami, lakini si kwa sababu aliyoitoa ndugu yangu. Inashinda kwa utulivu. Mfumo wake wa mbele, ule unaoitwa Telelever, unazuia pua ya pikipiki isizame unapokamata breki ghafla. Ng'ombe akikatiza barabara, unasimama ukiwa umekaa vilevile ulivyokuwa umekaa. Haina cheni, ina shafti iliyofungwa ndani, kwa hiyo jioni wenzako wanapopaka oili kwenye cheni zao wewe umeshaagiza chai. Abiria wa nyuma anakaa kama mtu, hashuki akilalamikia mgongo. Kona za kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto inazilaza kwa raha ambayo Africa Twin haina. Kama safari zako ni Arusha, Dodoma, Iringa hadi Mbeya na mama watoto yuko nyuma, nunua GS, na barua hii unaweza kuiachia hapa.

Lakini wengi wanaonunua pikipiki za namna hii wanasema wanataka kwenda porini, na hapo ndipo jambo moja linasahaulika: hifadhi zetu haziruhusu pikipiki. Njia ya mkato ya Ngorongoro na Serengeti ni ya magari. Mikumi unapita kwa sababu barabara kuu inakatiza mle, basi. Kwa hiyo anayetaka kuona Bonde la Ufa kwa pikipiki kutokea Arusha anaishia kukunja pale Mto wa Mbu na kushika njia ya Engaruka hadi Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron. Hii ndiyo mizani yangu, wala si jedwali la kiwandani.

Njia ile ina changarawe iliyojikunja mawimbi hadi meno yanagongana. Mbele kuna vijito vikavu vilivyojaa mchanga, na karibu na Ol Doinyo Lengai kuna vumbi laini la kivolkano. Mlima huo ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Vumbi lake ni jepesi, linaficha mawe yaliyo chini, na ukiingia kwa woga tairi la mbele linakwenda linakotaka lenyewe.

Hapo unaanza kuelewa kwa nini namba ya rimu ni muhimu kuliko namba ya farasi. Africa Twin ina gurudumu la mbele la inchi 21, jembamba, tairi la upana wa milimita 90. GS ina la inchi 19, tairi la upana wa milimita 120. Gurudumu kubwa na jembamba linapanda jiwe na ukingo wa korongo pale ambapo dogo na nene linajigonga. Kwenye mchanga linakata na kufuata mkono wako, wakati lile la GS linasukuma mchanga mbele yake na usukani unakuwa mzito. Dereva hodari anaipitisha GS vizuri kabisa. Nimewaona, na inapendeza kutazama. Lakini anayefika Ngare Sero akiwa na nguvu ya kuoga na kwenda kuangalia maporomoko kwa kawaida ni yule wa Africa Twin. Wa GS anatafuta godoro.

Halafu uzito. Africa Twin ya gia za mguu, toleo lililotoka mwaka 2020, ina kilo 226 ikiwa na mafuta. GS ya kawaida ina 249. Tofauti ni kilo 23, karibu nusu mfuko wa saruji, na nusu mfuko huo hutauhisi hata kidogo ukiwa unaendesha. Unauhisi pikipiki ikilala kwenye mchanga saa saba mchana na fundi bado yuko kilometa kumi nyuma. Niitendee haki GS: silinda zake mbili zilizochomoza pembeni haziiachi ilale kabisa, kwa hiyo mahali pa kuanzia kuinua ni pazuri kuliko kwa Honda inayojitandaza chini. Silinda hizohizo, lakini, ndizo zinazochimba ukingo wa korongo ukipita njia nyembamba ya ng'ombe. Fundi wangu huzikagua kila jioni kabla hata hajasalimia watu.

Na urefu. Viti vya zote mbili kiwandani ni milimita 850 au 870, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna tofauti. Mimi si mrefu. Kwenye Africa Twin miguu inafika chini upesi zaidi kwa kuwa kiuno chake ni chembamba. Wanaume warefu wanaoandika magazetini hawalioni hili.

Sasa miiba. Njia yote ile ni migunga, na mwiba wa mgunga hauchagui tairi la nchi gani. GS haina tyubu: unaona mwiba, unauchomoa ukiwa na vifaa mkononi, unasukuma utambi wa mpira, unajaza upepo, unaondoka bila kufungua gurudumu. Africa Twin ya kawaida ya toleo hilo la 2020 ina tyubu, lazima gurudumu litoke. Hapa GS inaongoza waziwazi. Ila jiwe likikunja rimu, mambo yanageuka. Tairi lisilo na tyubu linavuja pembeni na utambi hausaidii kitu. Ya tyubu unaigonga rimu kwa nyundo na mbao, unaendelea hadi kwenye duka. Tena tyubu ya inchi 21 haipatikani Arusha mjini tu. Honda XL 125 na Yamaha DT 125 walizopewa mabwana shamba na maafisa wa afya kwa miaka mingi zina gurudumu la mbele la ukubwa huohuo, kwa hiyo fundi wa pancha katika mji mdogo anaijua na pengine anayo imening'inia ukutani. Ya nyuma, inchi 18, atakupa ya DT ambayo ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, lakini itakufikisha.

Kwenye cheni Africa Twin haina msaada huo. Inatumia cheni ya saizi 525, na za bodaboda ni saizi 428, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaazima kiungo kijiweni. Beba chako. Vumbi la Engaruka likichanganyika na oili linakuwa msasa, na msafiri mvivu wa kusafisha cheni afadhali abaki na shafti ya Mjerumani.

Kuna toleo la Africa Twin lisilo na klachi ya mkono, linalobadilisha gia lenyewe. Vijana wanalicheka. Kwenye mchanga na kwenye miinuko ya mawe linamsaidia sana mgeni aliyechoka, kwa sababu injini haizimi mkononi. Ila lina kilo kumi zaidi, na betri ikifa huwezi kuliwasha kwa kusukuma. Mimi nikiwa peke yangu siendi nalo mbali.

Kuhusu mafuta nitasema kidogo. Tangi la Africa Twin ya kawaida ni lita 18.8, la GS ni 20. Kila moja ina ndugu yake wa safari ndefu: Adventure Sports ina lita 24.8, na GS Adventure ina 30, ila hiyo ya mwisho inafika kilo 268. Kwa njia kama ile ya Mkiwa, Itigi, Rungwa hadi Makongolosi, zaidi ya kilometa 400, bora tangi la kawaida na dumu la lita tano lililofungwa vizuri, unalimimina mapema na kubaki mwepesi.

Mtae na Mlalo, kule milima ya Usambara, wakati wa mvua sizungumzii, maana udongo mwekundu ukishajaa kwenye tairi la lami pikipiki zote ni moja. Huko nunua tairi la meno kwanza, chapa baadaye.

Ndugu yangu alisema pia kwamba jina Africa Twin ni porojo ya wauzaji. Si kweli kabisa. Honda ilishinda mbio za Paris–Dakar, zile za kuvuka Sahara, mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989 kwa NXR750, na Africa Twin ya kwanza ya kuuzwa, ya cc 650, ilitoka mwaka 1988 kwa sababu ya ushindi huo. BMW nao walikuwa wamezichukua kabla, 1981 na kisha 1983 hadi 1985. Zote mbili basi zina haki ya kujisifu na Sahara, ingawa za leo hazichangii hata boliti na zile.

Atakayenijibu kwamba kuna R 1300 GS iliyozinduliwa 2023 yenye kilo 237, namkubalia: Wajerumani wenyewe wameona uzito ulikuwa tatizo. Gurudumu la mbele la kawaida bado ni 19.

Kwa mtu wa hapa anayetaka pikipiki moja tu ya kwenda lami na porini, jibu langu ni Africa Twin ya gia za mguu, yenye kinga ya injini na tyubu mbili za akiba. Na mizigo aifunge kwenye mifuko laini. Yale masanduku ya alumini yanapendeza kwenye picha, lakini kwenye mchanga dereva hushusha mguu kujizuia, sanduku linakuja nyuma ya muundi, na safari inageuka ya hospitali.

Mwongoza misafara ya pikipiki,
Arusha