Jini wa Gede hana kijiti

Bwana Mhariri,

Riwaya ya mapenzi mnayoichapa kila Jumamosi naifuata tangu sura ya kwanza, lakini wiki iliyopita nusura nilitupe gazeti. Binti wa benki kafika magofu ya Gede, ule mji wa kale karibu na Malindi, saa za maghribi, simu imemzimikia, kijana mzuri anajitokeza nyuma ya mbuyu. Hapo mlinishika barabara. Mara kijana anachomoa kijiti, anakipunga, nyota zinamwagika na simu inawaka. Jini wa pwani na kijiti wapi na wapi?

Tena anadai kalala pale miaka elfu tatu. Pale Gede lipo kaburi lenye tarehe, nayo imechongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hiyo elfu tatu kaitoa wapi?

Mwandishi wenu angeuliza pale pale Gede, angesimuliwa habari za fingo. Fingo ni chungu cha dawa kinachozikwa penye mlango, na wazee huamini ndani mna jini aliyepewa zamu: mwenye nia mbaya akivuka, akili inamruka. Haya, mji ulihamwa karne ya 17. Wenye nyumba wamekwenda zao na hakuna aliyerudi kumwambia mlinzi kwamba zamu imekwisha. Yuko chini ya kizingiti cha nyumba isiyo na mtu, analinda. Ndipo apite binti wa watu, viatu mkononi kwa kuwa vinambana, avuke. Hapo pana mapenzi, Bwana Mhariri, tena ya kuumiza. Amwache apite? Na binti kaja na nia gani, maana sura ya tatu mlitudokezea kwamba mchumba wake anajenga mahoteli na kile kiwanja kimemkaa rohoni?

Isitoshe, jini wa kwetu hutanguliwa na harufu. Marehemu bibi yangu akisikia udi nyumbani na hakuna aliyefukiza, alitoa salamu kwanza, kuuliza baadaye. Na jini akikupenda anakupa masharti: usimtaje mbele za watu, usiku fulani chumba ni chake. Ukivunja sharti, utajua. Kijiti hakina sharti, kinamaliza kila shida, sasa mimi msomaji nihofie nini?

Hata James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, aliandika kwamba alihisi kuna kitu kinamchungulia nyuma ya kuta, si kwa wema wala kwa ubaya, kinangoja tu. Nyumba za pale zinaitwa kwa vitu vilivyofukuliwa humo. Iko Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Mkasi, jamani! Halafu mnatuandikia "Kasri la Giza".

Mambo ya kisasa sina ugomvi nayo. Pale kijana aliposikia ujumbe wa sauti akadhani binti naye kamfungia jini wake ndani ya simu, nilicheka peke yangu kwenye matatu mpaka makanga akanitazama. Mwandishi anaweza, basi.

Kwa hiyo sura ijayo kile kijiti kipotee. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani, utakimeza. Na yule mchumba wa mahoteli mleteni upesi, avuke kizingiti na viatu vyake miguuni.

Msomaji wenu,
Malindi